Tuliupikia Mchezo Sufuria Nzima

Mume wangu aliporudi kutoka Salamabila, kilichotangulia kushuka kwenye pikipiki kilikuwa kikohozi chake. Nilikisikia tangu kwenye kona ya muuza sabuni, mimi nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya kuchaji simu mbele ya nyumba, hapa Kasongo. Nikasema moyoni, huyu ni wangu, lakini mbona yuko peke yake? Aliondoka na mdogo wake. Amerudi na mfuko wa mdogo wake.

Sina nguvu ya kuzungusha maneno. Shimo lao la dhahabu lilianguka wakati wa mvua, shemeji yangu akiwa ndani, mume wangu akiwa juu anangoja zamu. Walichimba kutoka mbele mpaka jiwe likakataa. Kisha mwenye shimo akasema udongo umeharibika, akahamisha watu wake kwenye shimo jingine, kazi ikaendelea. Shemeji yangu akabaki upande wa pili wa jiwe.

"Nitapita pembeni," mume wangu aliniambia, hata viatu hajavua. "Nikipumzika kidogo narudi. Ukuta si mwisho, mama watoto. Mutu anapita pembeni."

Nikamuuliza mama yake ameambiwa nini. Mama mkwe wangu yuko Kabambare, kwenye njia hiyo hiyo ya Salamabila, mwanamke wa shamba na wa kanisa, watoto wake wa kiume walikuwa hao wawili tu.

"Nimemwambia bado tunamutafuta."

Bado tunamutafuta. Basi kule Kabambare kilio hakikukaliwa, jirani hakuja kulala, padri hakuitwa, maana mama gani atamlilia mtoto ambaye kaka yake anasema bado anatafutwa? Itakuwa amemuua kwa mdomo wake. Na huku kwangu mwanaume aliyekuwa anakohoa vumbi la mawe alikuwa anajiandaa kurudi kwenye shimo lile lile, peke yake, kupita pembeni. Mimi sijasoma mambo ya mawe, lakini najua shimo lililokula mtu halishibi. Nilitaka kitu kimoja tu, asirudi. Mengine yote niliyaacha, nguvu za kuyataka sikuwa nazo.

Nilijaribu kusema naye kwa upole, nikajaribu kwa ukali. Mimi ni mtoto wa Waislamu wa Kasongo, wenye maduka tangu kwa babu, na yeye ni Mkristo, Mubangubangu wa Kabambare. Tulipooana watu walisema sana. Miaka imepita, waliosema wengine wamechoka, wengine wamekufa, mimi nimebaki na mwanaume ambaye ukimkataza jambo anaitika "ndiyo" kwa sauti nzuri kabisa, halafu anafanya lile lile. Mwenye shimo naye hakunisaidia. Alikuwa anatuma pikipiki. Mume wangu anajua kuegemeza miti chini ya ardhi kuliko wengine, kwa hiyo kila baada ya muda kijana wa pikipiki alifika mbele ya meza yangu, ametapakaa matope ya njia nzima, na salamu kutoka Salamabila. Nilikuwa nampa maji ya kunywa kwa sababu ya adabu tu.

Wakati huo ndipo binti yetu alikuja likizo. Anasoma enformatike, mambo ya kompyuta, kule Kindu. Alikuja kumwona baba yake, na kwenye mfuko wake alikuwa na kamashini ka kuchezea, kale ka kushika mikononi. Alikapata sokoni, ndani ya balo la mitumba, kakiwa kamekunjwa ndani ya koti la baridi la mtoto wa watu. Kanafunguka katikati, kana vioo viwili, kimoja juu na kimoja chini. Binti alikasafisha, akakatafutia waya wa kuchaji, kakawaka. Akakaacha kwa baba yake, akasema katamsaidia kutuliza kichwa. Mimi nilidhani mtoto anatuletea upuuzi nyumbani.

Na michezo yenyewe! Watoto wa mtaa walisikia kuna mchezo kwetu, wakaja kuangalia mpira. Hapakuwa na mpira. Kulikuwa na mchezo wa kuendesha treni, unasimamisha treni kwenye alama, mtu wa kofia anainama, unaondoka, basi. Kulikuwa na mchezo wa mende wenye pembe wanaopigana mieleka juu ya kigogo. Kulikuwa na mmoja wa kuvua samaki na kumpima urefu, kisha unamrudisha majini. Huo ulimkasirisha jirani yangu muuza samaki mpaka akaondoka. Binti alisema hiyo ni michezo ambayo hata kwao ilikotoka watu hawaijui sana, iliuzwa kidogo ikasahaulika. Nikasema ndiyo maana imefika Kasongo. Watoto waliona hakuna mpira, hakuna vita, wakarudi kwenye mpira wao wa makaratasi.

Ulibaki mchezo mmoja usio na picha ya mbele wala jina. Ulianza na maandishi mekundu ambayo hakuna wa kuyasoma, kisha kioo cha chini kinaonyesha kijitu chenye taa kichwani kikishuka ngazi ndani ya shimo. Muziki hauna. Unasikia matone ya maji na hatua zake tu. Kioo cha juu kinaonyesha ramani ya njia za chini, kama mtu amechora kwa kalamu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mlango, anabonyezabonyeza kwa kuchoka tu, na alipoona yule mtu wa taa akashtuka. Akasogeza kiti kivulini, jua lisimzuie kuona. Siku hiyo hakuomba chakula mpaka nilipompelekea.

Nilichukia kile kitu, nisidanganye. Mwanaume mzima, nywele zina mvi, anashuka ngazi za uongo. Lakini kijana wa pikipiki akaja tena, akasimama mbele yake, akatoa salamu za mwenye shimo. Mume wangu hakuinua hata macho.

"Umwambie bado sijamaliza hapa."

Nikageuza mawazo siku hiyo hiyo. Kumbe kamashini kanaweza kufanya kile mdomo wangu umeshindwa. Kuanzia hapo kalikuwa na nafasi ya kwanza kwenye waya wangu. Paneli yangu ya jua ni moja, betri yangu imezeeka, mawingu yakiwa mengi umeme hautoshi watu wote. Wateja walikuta simu zao zimelala pale zimezima, na kamashini kanakunywa umeme. Mwalimu mmoja wa shule aliniuliza kama mume wangu amekuwa mtoto. Nikamwambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwalimu, chukua simu yako upeleke kwingine. Alichukua kweli, na wengine wakamfuata. Sikujali. Kila asubuhi nilimwona kwenye kiti chake na kikohozi chake, yuko nyumbani, nikashukuru Mungu, nikaanza kufagia.

Halafu akafika kwenye ukuta.

Njia ya chini ilikuwa inavuka daraja la kamba, inapinda, inaishia kwenye ukuta wa kijivu, laini, usio na mchoro wa jiwe. Yule mtu wa taa alikuwa anafika pale anasimama. Unabonyeza kila kitu, hakuna. Kama ungekuwa mchezo wa watu wengine, mtu angesema umekwisha, tucheze treni. Lakini ramani ya juu ilikuwa inaonyesha kwamba nyuma ya ukuta ule kuna vyumba vitatu. Vimechorwa kabisa, na njia ndogo inayoviunga. Mume wangu aliniita nione.

"Unaona? Njia iko. Ni jiwe tu limekaa mbele."

Niliona. Niliona pia uso wake, na tangu hapo sikuwa na amani.

Marafiki zake wa shimo wanaoishi huku walianza kuja mmoja mmoja. Watu wa kazi ya mawe ni watu wa ajabu, hawakucheka hata kidogo. Mmoja alisema jiwe la kijivu laini ni jiwe la uongo, linakufa haraka, uendelee kugonga. Mwingine akasema hapana, ameingia vibaya, arudi darajani aanze upande wa kushoto. Wakapokezana kamashini mkononi, wakabishana juu ya miti ya kuegemeza, na yule mtu wa taa hana hata shoka. Mwisho mkubwa wao, mzee mmoja aliyefanya kazi Salamabila tangu watoto wetu hawajazaliwa, akasema tatizo si mlango, ni watu.

Nieleze kidogo. Kwenye shimo lao mshipa wa dhahabu ukipotea, hawaanzi kugombana na jiwe, wanaanza kuulizana wao kwa wao. Nani ana kinyongo? Kila mmoja anasema hasira yake mbele ya wote, halafu wanakula kutoka sufuria moja mpaka iishe. Sufuria ikibaki na chakula, basi kuna mtu ameficha neno, na hakuna kushuka. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na yule mzee aliona kabisa kwamba ukuta wa kamashini utasikia desturi ile ile. Wenzake wakaitika. Mume wangu akanitazama.

Ndivyo nilivyopika sufuria nzima kwa ajili ya mchezo. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na jogoo wangu ambaye nilikuwa na mipango naye. Nilisonga ule ugali nikisema peke yangu, nikauliza sufuria kama imewahi kuona mambo haya. Wakakaa uani mchana kweupe, kamashini kamefunguliwa juu ya kigoda katikati yao, mtu wa taa amesimama mbele ya ukuta wake. Mmoja akasema ana kinyongo kwa sababu walimwibia buti akiwa amelala na anajua ni nani, na yule nani akakohoa. Mwingine akasema walimcheka sana kwa kukoroma. Mambo ya wanaume, nikawa nataka kucheka na kulia pamoja.

Yule mzee akanigeukia. "Sufuria ni yako, mama. Na weye sema."

Sikutegemea. Nikaweka mwiko chini.

"Mimi niko na hasira na huyu," nikasema, nikamwonyesha mume wangu. "Sitaki arudi Salamabila. Anajidai anapumzika, lakini anapumzika ili akafe. Nimechoka kulala na mutu ambaye ameshaondoka. Na ninamuonea huruma mama yake kuliko yeye anavyomuonea. Njo hiyo hasira yangu."

Zamu ikafika kwa mume wangu. Alifinyanga tonge la ugali, akalifinyanga tena, akasema yeye hana neno. Wakala. Wale watu hula kama wanapakia gari, lakini siku ile chakula kilibaki, na nyama ikabaki. Yule mzee akachungulia ndani ya sufuria, akasema polepole, "Kuna mutu hajasema," kisha akaomba maji ya kunawa. Wakaaga. Ukuta ulikuwa pale pale.

Nilimtumia binti ujumbe wa sauti, nikamwambia aniulizie huko kwenye mitandao yao huo mchezo unafunguliwa namna gani. Nilimpigia na picha za maandishi mekundu. Nilifikiri nitapata siri ya kupita, baba yake apite, kichwa chake kitulie, ya Salamabila yaishe. Jibu likachelewa. Wakati huo mume wangu akaacha kula vizuri. Kila saa yuko mbele ya ukuta, kidole kinabonyeza mpaka kimeota sugu. Alianza tena kutaja kupita pembeni, na sikuweza kujua anasema shimo lipi.

Jibu lilikuja asubuhi, nikiwa mezani na wateja wawili waliobaki. Nikalisikiliza simu ikiwa sikioni.

"Mama," binti alisema, "ule mchezo haufunguki. Yale maandishi yanasema ni kazi ya kujaribia, si ya kuuzwa. Waliokuwa wanautengeneza hawakuumaliza. Kampuni yao ilifunga, wakaenda kazi zingine, mchezo haukutoka hata siku moja. Kuna mtu tu aliunakili, ndio ukazunguka. Kuna mingi ya namna hiyo, kuna watu kazi yao ni kuikusanya. Nyuma ya ukuta hakuna kitu, mama. Ramani waliichora kwanza, vyumba hawakujenga."

Nikarudia kulisikiliza. Nikamwangalia mume wangu kule kwenye kiti chake. Nikimwambia, ataondoka. Nisipomwambia, atakaa, atabonyeza, mwaka utaisha, na Kabambare mama yake atakuwa bado anauliza kila pikipiki inayopita. Nilikaa na ile simu muda mrefu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mlinzi wa kamashini. Nilichoka kumshika mtu kwa waya wa umeme. Nikasimama, nikaenda kwake, nikafungua sauti yote, nikamwacha mtoto wake amwambie.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaomba nirudishe. Nikarudisha.

"Hivi vyumba vitatu havipo?"

"Havipo. Walivichora tu."

"Hata mutu mumoja ndani, hakuna?"

"Hakuna mutu, baba watoto."

Jirani alikuwa anatwanga, na kwa muda nilisikia mchi tu.

"Wakati wanaacha," akauliza, "walijua hakuna kitu mbele?"

"Walijua. Ni wao walikuwa wanaujenga."

Akakafunga kamashini, polepole, akakaweka chini kando ya kiti. Kisha akasema bila kunitazama.

"Sisi pia tulijua. Nilikuwa naweka sikio kwenye jiwe. Alikuwa anagonga. Nikigonga, anagonga. Siku iliyofuata akagonga kidogo. Kisha akaacha. Mwenye shimo alituhamisha kesho yake, mimi nikamwambia kila mutu kwamba tumeacha mapema. Hatukuacha mapema, alikuwa amekwisha kufa."

Hilo ndilo neno lililokuwa limebaki ndani ya sufuria. Nikakaa chini karibu na kiti chake, nikamshika mguu, tukakaa hivyo mpaka mteja mmoja akaita kuulizia simu yake.

Kesho yake asubuhi kijana wa pikipiki akafika, na salamu zake zile zile. Mume wangu akatoka ndani amevaa viatu, na koti, na mfuko mdogo begani. Hakunieleza kitu. Aliniwekea mkono kichwani kama tunavyofanya kwa watoto, akapanda nyuma ya yule kijana, wakaenda. Nilisimama pale na kikombe cha maji nilichomletea kijana. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia binti na kusoma kwake, nikajikasirikia mimi na ukweli wangu. Nikasema haya, nimeusema ukweli, nao umemchukua. Siku nzima sikuchaji simu ya mtu. Jirani muuza samaki akaniletea chakula, akaniambia nile, nikamwambia akae tu.

Siku iliyofuata, jioni, simu yangu ikalia. Namba ilikuwa ya Kabambare, ya jirani wa mama mkwe. Nilipoitika sikusikia jina la mtu, nilisikia wanawake wanalia, wengi, wale wanaolia kwa zamu. Nikafikiri ni yeye wanamlilia.

Kisha nikasikia kikohozi.

"Niko kwa mama," mume wangu akasema. "Nimemwambia. Ameniuliza kama mutoto wake alikufa peke yake. Nimemwambia hapana, mama, mimi nilikuwa upande wa huku, tulikuwa tunagongeana." Akakohoa tena. "Kuja. Ulete na chumvi, watu wamejaa hapa."